Maneno Chini ya Picha: Uhakiki wa Kitabu Kilichochimbuka Kamwokya

Lengo la makala haya ni kuchunguza jinsi maandishi na picha yanavyoshirikiana, na pengine yanavyopingana, ndani ya kitabu cha picha. Sisi walimu wa Kiswahili tumezoea kuhakiki riwaya, tamthilia na ushairi. Kitabu cha picha tunakiacha mezani kwa wageni, kana kwamba kazi yake ni kupitisha wakati tu. Huko ni kukidharau bila haki. Kitabu cha picha kina fani na maudhui kama kazi nyingine yoyote ya sanaa, na yale maandishi mafupi yaliyo chini ya picha, ambayo msomaji huyapitia kwa nusu ya jicho, mara nyingi ndiyo yanayoamua picha itamaanisha nini.

Kitabu tutakachokitumia ni *The Unseen Archive of Idi Amin* cha Derek R. Peterson na Richard Vokes, kilichochapishwa na shirika la Prestel mwaka 2021. Kwa Kiswahili twaweza kukiita Hazina Isiyoonwa ya Idi Amin. Tumekichagua kwa sababu mbili. Kwanza, chimbuko lake liko karibu nasi. Pili, kinamtwika mwandishi wa maelezo ya picha mzigo mzito kuliko kawaida: picha zenyewe zilipigwa kwa amri ya serikali iliyokuwa ikiua watu, nazo hazionyeshi mauaji hayo.

Chimbuko la kitabu

Jumba la Makumbusho la Uganda liko kando ya Barabara ya Kira, upande wa Kamwokya, jijini Kampala. Makumbusho hayo yalianzishwa mwaka 1908, na jengo lake la sasa, lililobuniwa na msanifu Ernst May, lilifunguliwa mwaka 1954. Mteremko mfupi kutoka hapo ndipo ulipo mtaa wenyewe wa Kamwokya, pamoja na soko lake na nyumba zake zilizobanana. Katika jumba hilo, mwezi Mei mwaka 2019, yalifunguliwa maonyesho ya picha ambazo karibu hakuna aliyekuwa amepata kuziona.

Habari zake ni hizi. Mwaka 2015 iligunduliwa hazina ya negativu katika Shirika la Utangazaji la Uganda, yaani zile filamu ambazo picha husafishwa kutokana nazo. Zilikuwa 70,000 hivi, zimetiwa katika bahasha zilizoandikwa tukio na tarehe. Zilikuwa kazi ya wapiga picha wa Wizara ya Habari, na nyingi zilikuwa za miaka ya utawala wa Idi Amin, aliyetwaa madaraka tarehe 25 Januari 1971 na kuangushwa Aprili 1979. Mwaka 2018 Shirika hilo, likishirikiana na Chuo Kikuu cha Michigan cha Marekani na Chuo Kikuu cha Western Australia, lilianza kuzihifadhi picha hizo kwa mitambo ya kisasa. Kutokana na kazi hiyo yakapatikana maonyesho ya Kamwokya, na baada ya maonyesho, kitabu.

Jambo moja katika habari hizi linapasa kutushangaza. Ni picha chache mno kati ya hizo zilizopata kuchapwa wakati ule. Mpiga picha alifika mkutanoni, akapiga, akarudi wizarani, na filamu ikatiwa katika bahasha. Hapana gazeti wala ukuta ulioipokea. Kwa hiyo ni haki kusema kwamba tendo la kupiga picha lilikuwa tamasha lenyewe. Mtu aliyesimama mbele ya kamera alijua kwamba serikali inamtazama, na kujua huko kulitosha. Picha hizi, basi, zilizaliwa bila msomaji. Kitabu ndicho kinachowapa msomaji, na kumpa picha msomaji ni lazima kufuatane na kumpa maneno.

Kama si uongo, ni nini?

Husemwa kwamba picha haisemi uongo. Msemo huu una ukweli nusu. Kamera ilimwona Amin akihutubia, akicheza, akikagua gwaride, akipeana mikono na wageni; na hayo yote yalitokea. Lakini kamera ilipelekwa pale ilipotakiwa, na ikazuiwa pale isipotakiwa. Makadirio ya watu waliouawa katika miaka ile minane hutofautiana, kuanzia 80,000 hadi 300,000 na zaidi. Mtu akiyapitia makumi ya maelfu ya picha za wizara bila neno hata moja la kumwongoza, ataondoka akidhani ameona nchi yenye sherehe nyingi na mkuu mwenye bashasha. Kila picha peke yake ni ya kweli, na jumla yao ni uongo.

Hapa ndipo linapojitokeza swali la fani. Mtengenezaji wa kitabu cha picha afanye nini na picha ambazo kila moja ni kweli lakini jumla yake inadanganya? Akizichapa bila maneno, amemtumikia dikteta kwa mara ya pili, tena kwa karatasi nzuri zaidi. Akizifunika kwa maneno mengi, msomaji hatazitazama tena. Atasoma insha, na picha zitageuka mapambo. Baina ya hatari hizi mbili ndipo ilipo kazi yake yote.

Njia tatu za kuoanisha

Kabla ya kukihukumu kitabu chetu, tuangalie njia tatu ambazo wasanii wengine wamezifuata.

Njia ya kwanza ni ya kutenganisha. Mwaka 1941 nchini Marekani kilitoka kitabu cha James Agee na Walker Evans, *Let Us Now Praise Famous Men*, kuhusu wakulima maskini wa Alabama. Picha za Evans ziliwekwa mwanzoni kabisa, pasipo maelezo yoyote chini yake; maandishi ya Agee yakafuata baadaye peke yake. Msomaji analazimika kuwatazama wale watu usoni kabla ya kuambiwa lolote juu yao. Njia hii inaheshimu picha. Lakini inawezekana kwa sababu mpiga picha alikuwa mtu huru aliyeaminika. Mpiga picha wa Wizara ya Habari hawezi kupewa imani hiyo.

Njia ya pili ni ya kupingana. Mshairi Mjerumani Bertolt Brecht alikata picha za vita kutoka magazeti, na chini ya kila moja akaandika ubeti wa mistari minne. Kitabu chake, *Kriegsfibel*, kilitolewa mwaka 1955. Jina lake lina maana ya kitabu cha kwanza cha kusomea, kama kile cha mtoto anayeanza shule, ila kinachosomeshwa humo ni vita. Brecht aliona kwamba watu wanaoweza kusoma herufi hawawezi bado kusoma picha za magazeti. Beti zake huijibu picha, huisuta, huifunua. Sisi tuliolelewa na ushairi wa mistari minne tungepaswa kuwa wanafunzi wake hodari.

Njia ya tatu hatuna haja ya kuisafiria mbali: ni kanga. Kanga ina pindo, mji na jina. Mjini pamechorwa korosho au ua. Chini yake limeandikwa jina, yaani methali au fumbo. Jina halielezi korosho, na korosho haitafsiri jina. Viwili hivyo vinakaa jirani, na maana inazaliwa katikati, kwa kutegemea nani ameivaa na nani anaiona. Mwanamke wa pwani alijua siku nyingi kwamba maneno yaliyo chini ya picha si lazima yaseme kile ambacho picha imekwisha kusema.

Kitabu cha Peterson na Vokes kinafuata kwa sehemu kubwa njia ya mwanahistoria: insha na maelezo yanayomkumbusha msomaji nani alipiga picha, kwa faida ya nani, na nini kimebaki nje. Sifa kuu ya kitabu ni kwamba hakimwachi msomaji asahau kuwa hazina hii ni ya serikali. Hilo si jambo dogo. Wachapaji wangeweza kupata fedha nyingi kwa kutoa kitabu cha vituko vya Amin, maana dunia imezoea kumcheka. Wahariri hawa wamekataa kicheko hicho, na kwa kufanya hivyo wamewarudishia Waganda uzito wa historia yao.

Sarufi ya maelezo ya picha

Hata hivyo, mwalimu wa lugha ana la kuongeza ambalo mwanahistoria huenda asilione. Uamuzi mgumu wa maelezo ya picha hufanyika katika sarufi. Tutatoa mifano mitatu.

Mfano wa kwanza. Mwaka 1975 serikali ya Amin iliunda mahakama maalumu ya makosa ya uchumi. Watu walishitakiwa kwa kuficha bidhaa, kuuza kwa bei ya juu au kuvusha mali mipakani, na adhabu iliweza kufika hadi kifo. Katika hazina hii zimo picha za watuhumiwa waliosimamishwa mbele ya kamera pamoja na bidhaa zilizodaiwa kuwa ushahidi. Tuandike nini chini ya picha kama hiyo kwa Kiswahili? Tukiandika "mlanguzi", tumemhukumu. Nomino ya namna hii, inayoundwa kutokana na kitenzi kwa m- ya mwanzo na -i ya mwisho, humtaja mtu kwa tabia yake ya siku zote: mwizi, mlevi, mlanguzi. Haina wakati, wala haina shaka. Tukiandika "aliyetuhumiwa kwa ulanguzi", kirejeshi kimemrudisha mtu kwenye siku moja na tuhuma moja, na kauli ya kutendwa imetufanya tuulize: ametuhumiwa na nani? Tofauti ni ya silabi chache tu. Lakini katika ile ya kwanza mwandishi anakaa upande wa mahakama, na katika ile ya pili anakaa upande wa msomaji.

Mfano wa pili. Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka, aliyewahi kuongoza serikali kabla ya uhuru, alichukuliwa na askari kutoka Mahakama Kuu ya Kampala tarehe 21 Septemba 1972. Ni kawaida kusoma kwamba "alitoweka". Kitenzi hiki ni cha ajabu. Umande hutoweka, moshi hutoweka. Hakidai mtendaji. Mwandishi anayekitumia, hata kama ana nia njema, anaifanyia serikali ile kazi yake, kwa maana nia yake ilikuwa hiyo hiyo: tendo libaki, mtendaji asionekane. Ni afadhali kuandika kwa urefu: askari walimchukua mahakamani, asionekane tena.

Mfano wa tatu unafanana na huo. Februari 1977 serikali ilitangaza kwamba Askofu Mkuu Janani Luwum na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi, walikufa katika ajali ya gari. Uongo wote wa tangazo hilo ulibebwa na kitenzi kimoja, *kufa*, pale palipohitaji *kuuawa*. Wanafunzi wetu wanapolalamika kwamba kauli za vitenzi ni somo kavu, mfano huu na uandikwe ubaoni.

Sauti ni ya nani?

Kasoro tunayoiona katika kitabu hiki haiko katika ukweli wake. Iko katika sauti. Anayesema ni mwanahistoria peke yake, naye anasema kwa Kiingereza. Bahasha za wizara ziliandikwa tukio; umati haukuandikwa majina. Mwanahistoria anaweza kutueleza tukio kwa ustadi, lakini yule mama wa mstari wa tatu anayepiga makofi bila kucheka hawezi kumsemea. Alikuwa akiwaza nini? Je, mwanawe alirudi nyumbani jioni ile?

Ukutani pale Kamwokya kasoro hii ilikuwa na dawa. Maonyesho hutembelewa kwa miguu na kwa midomo: mzee anasimama mbele ya picha, anamgusa mjukuu begani, anaanza kusimulia. Maelezo ya ukutani yanapata nyongeza kila saa. Kitabu hakina jirani. Msomaji hukifungua akiwa peke yake, na mpangilio wa kurasa umekwisha kuamuliwa. Kwa sababu hiyo, kitabu cha picha kinahitaji sauti nyingi zaidi kuliko ukuta, wala si chache.

Kwamba jambo hilo linawezekana, Uganda yenyewe imekwisha kulionyesha. Mwaka 2010 kilitoka huko Rotterdam kitabu kiitwacho *The Kaddu Wasswa Archive*, kazi ya Mholanzi Andrea Stultiens, mpiga picha wa Uganda Arthur C. Kisitu, na mzee Kaddu Wasswa mwenyewe. Mzee huyu alikuwa amehifadhi karatasi za maisha yake: picha, barua, vipande vya magazeti, maandishi yaliyopigwa taipu. Kitabu kinazionyesha karatasi hizo kama zilivyo. Hapo maandishi yenyewe yamekuwa picha: unayasoma na papo hapo unaitazama karatasi iliyochakaa, na mwenye maisha ndiye anayeyaeleza. Baadaye, kuanzia mwaka 2014, Stultiens alitoa mfululizo wa vitabu uitwao *Ebifananyi*, vilivyotokana na hazina za picha za Waganda mbalimbali.

Neno hilo la Kiganda linastahili dakika moja ya mwalimu wa Kiswahili. Mzizi wake ni ule ule wa kitenzi chetu *kufanana*. Kwa Mganda, picha ni kitu kinachofanana na kingine. Hakidai kuwa kile kingine. Sisi tumechukua *picha* kutoka Kiingereza na *taswira* kutoka Kiarabu, na ndani ya maneno hayo hatulisikii onyo hilo. Kitu kinachofanana na furaha si furaha. Kama bahasha za wizara zingeandikwa neno hilo na kusomwa kwa maana yake, kazi ya wahariri ingekuwa imekwisha kuanza.

Kiswahili na kumbukumbu hii

Mwalimu mwenzangu ataniuliza: kwa nini tusitafsiri tu maelezo yale yawe kwa Kiswahili, tukamaliza? Tafsiri inahitajika, lakini tusijidanganye kwamba ni jambo jepesi. Ilikuwa serikali ya Amin iliyotangaza mwaka 1973 kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa ya Uganda. Kwa Waganda wengi wa rika lile, Kiswahili kilisikika kwanza kizuizini barabarani, kikisemwa na mtu mwenye bunduki. Neno *magendo* liliingia katika mazungumzo yao siku za njaa na foleni. Tangu hapo mengi yamebadilika: mwaka 2005 Katiba ilirekebishwa na Kiswahili kikatajwa kuwa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Lakini sheria haifuti masikio ya watu.

Kwa hiyo maelezo ya Kiswahili chini ya picha hizi yatakuwa zaidi ya tafsiri. Yatakuwa jaribio la kuonyesha kwamba lugha iliyotumika kuamuru inaweza pia kutoa ushahidi. Mzee wa Kamwokya akiona Kiswahili kinasema "askari walimchukua" badala ya kusema "toa kitambulisho", atakuwa amesikia lugha hiyo ikisimama upande wake, pengine kwa mara ya kwanza. Hiyo ni huduma ambayo chama cha walimu kinaweza kuitoa, na ambayo mchapaji wa Ulaya hawezi.

Zoezi kwa darasa

Tunapendekeza zoezi dogo. Chukua picha inayojulikana duniani kote, ile ya Julai 1975, wakati wa mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika mjini Kampala, ambapo Amin amebebwa kitini na Waingereza waliokuwa wakiishi huko. Wanafunzi waitazame kimya kwa dakika tano. Kisha wapewe maelezo matatu, moja baada ya jingine:

Rais Idi Amin akibebwa na Waingereza. Kampala, Julai 1975.

Mtawala wa jana, mchukuzi wa leo.

Kampala, Julai 1975. Karibu miaka mitatu imepita tangu askari walipomchukua Jaji Mkuu mahakamani.

Maelezo ya kwanza yanarudia kile jicho limekwisha kuona. Ya pili yanafurahisha. Na ilikuwa furaha hiyo hasa iliyotakiwa na aliyekaa kitini. Ya tatu hayasemi lolote juu ya kiti wala wachukuzi. Yanafuata njia ya kanga: yanakaa jirani na picha na kuiacha isimame. Mwandishi wa makala haya alipolijaribu zoezi hili na wanafunzi wake, darasa lilicheka kwa maelezo ya pili. Kwa maelezo ya tatu lilinyamaza. Kisha mwanafunzi mmoja akauliza swali ambalo hakuna aliyeliuliza mwanzoni: "Mwalimu, na hawa wanaotazama pembeni ni akina nani?"

Hitimisho

Kwa jumla, kitabu cha Peterson na Vokes ni kazi ya kusifiwa. Kimeokoa picha zilizokuwa karibu kuoza, na kimekataa kuziacha ziseme peke yake yale ziliyofunzwa kusema. Upungufu wake ni wa sauti na lugha. Upungufu huo hauwezi kuzibwa na wahariri wake peke yao, maana wenye sauti hizo wako Kamwokya, Mbale, Gulu na Masaka, na umri unawapita.

Uhakiki wa vitabu vya picha, basi, na uingie madarasani mwetu. Mwanafunzi anayejua kutofautisha *alikufa* na *aliuawa*, *alitoweka* na *walimchukua*, *mlanguzi* na *aliyetuhumiwa*, amejifunza sarufi. Na siku atakapotakiwa kuandika mstari mmoja chini ya picha ya mtu asiyeweza kujitetea, atajua mzigo aliopewa.